Kioo, Tofali na Firigisi ya Baba Mkwe

Nakumbuka siku moja, na kabla ya kuikumbuka siku yenyewe naukumbuka mlio wake. Nilikuwa chini kabisa ya ploti moja pale Huruma, kwenye ngazi zenye giza ambazo taa yake iliungua na haikubadilishwa, nikasikia simu ikilia juu, ghorofa ya nne. Haikulia kama simu za watu. Ililia kama spika za mkutano wa injili, mpaka reli za ngazi zikatetemeka chini ya kiganja changu. Nikasimama. Nikamwambia mjomba wangu Kioko kwamba hilo ni Tofali, na mwenye Tofali yumo humo ndani. Mjomba, aliyekuwa amebeba kikapu cha sukari na majani chai, akanijibu kwamba yeye hakuja kutafuta matofali. Amekuja kuniombea mke, na kama miguu yangu imechoka niseme mapema.

Mwanangu, wewe uliyezaliwa ukazikuta simu za kupangusa kila mfuko, huenda hujui vile sisi tulivyozipokea. Nilikuwa kijana, fundi wa makabati kule Kariobangi, na mtaa mzima ulikuwa umegawanyika kwa simu mbili. Majina yake ya dukani yalitushinda kutamka, tukazibatiza wenyewe. Moja tuliiita Kioo: nyembamba, inang'aa, yenye kamera iliyoweza kuhesabu kope za mtu aliye ng'ambo ya barabara. Nyingine ilikuwa Tofali: nene, nzito, ina laini mbili, ina redio na tochi, na chaji yake ilikaa kuanzia ibada ya Jumapili hadi katikati ya juma.

Mimi nilikuwa mtu wa Kioo. Sikusema nina Kioo; nilisema mimi ni Kioo, kama mtu anavyotaja ukoo wake. Chaji yake iliisha kabla ya chakula cha mchana, nami nikatembea na waya shingoni na kumwambia kila aliyeuliza kwamba vitu vizuri havina maisha marefu. Ilipoanguka ikapasuka pembeni, nilisema ufa ule unasaidia mwanga kuingia. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na mimi nilikilamba kidonda hicho hadharani. Nilifika mahali pa kuacha kula kwa mama mmoja aliyepika madondo, yaani maharagwe, matamu kuliko wote Kariobangi, kwa kuwa wateja wake wengi walikuwa watu wa Tofali. Nikanunua mandazi makavu kwingine, nikatafuna uaminifu wangu bila chai.

Sasa, msichana niliyempenda, Nafula, alikuwa na kaka aitwaye Simiyu, mwendesha boda boda, na Simiyu alikuwa Tofali hadi mifupani. Kila tulipokutana steji alinipungia mkono wa mbali na kuniuliza kama simu yangu iko hai au amwite mchungaji. Nilimjibu kwamba picha zake zote zinafanana na watu waliookolewa motoni. Tuliyasema haya tukicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa na meno.

Basi tukapanda hadi ghorofa ya nne. Njiani mjomba alinikumbusha kwa mara ya tatu utaratibu wa siku ile. Kwetu Ukambani kijana anayeombewa mke haongei; kazi yake ni kukaa, kuinamisha kichwa na kushukuru. Atakayenena ni mjomba. Nikamwahidi. Ahadi ni rahisi mtu akiwa bado kwenye ngazi.

Baba yake Nafula, Mzee Wanyonyi, mstaafu wa baraza la jiji, mtu wa maneno machache na suti ya kijivu, alitukaribisha kwenye makochi yaliyofunikwa vitambaa vyeupe vya kufuma. Pembeni alikaa mama mzazi wa Mzee, bibi yake Nafula, ambaye wote walimwita Kukhu, kama wanavyomwita bibi kule kwao magharibi. Simiyu alikuwa ameshaketi, Tofali lake likiwa juu ya meza kama mali ya kurithi. Nilipoketi mkabala naye, Mungu anisamehe, mkono wangu ukaitoa Kioo mfukoni na kuilaza mbele ya Tofali. Zikatazamana pale kama majogoo wawili wanaosubiri kuachiliwa.

Mjomba akaanza hotuba yake. Alikuwa mchonga vinyago, na alizungumza kama anavyochonga, akitoa kipande kidogo kidogo. Alieleza tulikotoka, nani alimzaa nani. Mimi na Simiyu tulikuwa tumeshaanza yetu, kwa minong'ono.

"Niaje, shemeji mtarajiwa," Simiyu akasema. "Leo umekuja bila waya? Ama umeufunga nje kama mbuzi?"

Nikamnong'oneza kwamba leo nimejaza chaji kamili, na kama ana ujasiri tushindane kamera, si kelele. Nafula akapita na birika na beseni, akatunawisha mikono. Akanitazama, akakunja uso kidogo. Nikadhani ananionea fahari.

Ndipo kuku akaletwa. Mwanangu, kuku wa watu wa magharibi si chakula tu, ni barua rasmi. Aliwekwa mzima juu ya sinia, anang'aa kwa mchuzi, ugali ukiwa nyuma yake kama mlima. Na juu kabisa ya kifua chake paliwekwa firigisi, kile kipande kidogo kigumu cha tumbo la kuku. Firigisi ni ya mwenye nyumba. Haigawanywi, haiombwi, haionjwi na mtoto. Nafula alikuwa amenieleza hili siku nyingi kabla, nami niliitikia huku nikibadilisha picha ya usoni mwa simu.

Simiyu akanong'ona tumpige kuku picha, kila mtu na yake, tuone. Akapiga. Kwenye Tofali kuku alionekana kama gunia la makaa lililonyeshewa. Nikapiga mimi. Aa, Mwanangu! Ungeona! Kila tone la mafuta lilisimama peke yake. Mvuke ulionekana. Lakini nilipoitazama vizuri picha niliona kitu kimoja kinachoniharibia: kijipande cheusi juu ya kifua, kimekaa vibaya, kinazuia mwanga. Nikanyoosha vidole nikakiondoa ili nipige tena. Nikapiga. Ikatoka picha nzuri ajabu. Nikaanza kumwonyesha Simiyu kwa mkono mmoja, nikiikuza ili aone ngozi ya kuku. Na ule mkono wa pili ulikuwa umeshika chakula. Mkono ukishashika chakula unajua njia moja tu.

Wahenga walisema mwenye pupa hadiriki kula tamu. Mimi niliidiriki, na sikuisikia hata ladha.

Wakati huo huo mjomba alikuwa amefikia sehemu tamu ya hotuba. Alikuwa akisema kwamba kijana huyu hajapewa mali nyingi na Mungu, lakini amepewa adabu. Kwamba tangu utotoni hajawahi kugusa kisicho chake. Mzee Wanyonyi akatikisa kichwa kwa kuridhika, akakaribisha watu kula, akanyoosha mkono kwenye sinia. Mkono ukasimama hewani. Akamgeuza kuku upande mmoja. Akamgeuza upande wa pili. Akainua bawa na kuchungulia chini yake, taratibu, kama mtu anayetafuta miwani. Kisha akatutazama mmoja mmoja, na alipofika kwangu nilikuwa bado natafuna.

Firigisi haimezeki haraka. Hilo nililijifunza siku ile.

Ningeweza kukana, na wazo hilo lilinijia. Lakini Simiyu alikuwa ameichukua Kioo na alikuwa akipitisha picha. Kwenye picha yake mwenyewe, ile ya Tofali, hakuna mahakama ambayo ingejua kama kilichokuwa juu ya kuku ni firigisi au nzi. Kwenye Kioo kila kitu kilikuwa wazi: picha ya kwanza firigisi ipo, na ya pili haipo, ila pembeni vipo vidole vyangu viwili vimeibana, hata kovu langu la msumeno linaonekana. Simiyu akavipanua vile vidole mpaka vikajaa kioo chote, akampa baba yake simu, akasema bila kejeli, kwa heshima kabisa, "Kusema kweli, hii kamera ni safi."

Mjomba Kioko akafumba macho. Hotuba yake ilikufa katikati ya sentensi na haikufufuka.

Nilitegemea Mzee Wanyonyi angenguruma. Hakunguruma. Alimpitishia Kukhu simu. Kukhu akaisogeza mbali na uso, kama wazee wanavyofanya, akaitazama picha kwa muda mrefu kuliko wote. Akaniita kwa jina.

"Mutua. Firigisi ni nyama, na nyama hununuliwa. Mimi nataka kukuuliza kitu kingine. Mkono wa Nafula una nini?"

Nikauliza, "Mkono upi, Kukhu?"

Palepale nikajua nimejibu. Kukhu akaigeuza simu kunielekea. Kwenye ukingo wa picha yangu, wazi kama mchana, palikuwa na mkono wa Nafula, bado umeshika sinia, kiganja kimefungwa kitambaa cheupe mpaka kwenye kifundo. Alikuwa ameungua na mvuke wa sufuria asubuhi ile akinipikia. Kwa mkono huo ndio alinimiminia maji nikanawa. Kwa mkono huo ndio aliweka sinia mbele yangu. Simu iliona. Mimi sikuona.

Nafula alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Alinitazama tu. Mwanangu, nimewahi kugombezwa na polisi, na mwenye nyumba, na mchungaji, lakini sijawahi kugombezwa kama nilivyogombezwa na macho yale.

Kukhu akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayegawa kazi za nyumbani, kwamba kwa leo hakuna kinachoombwa wala kinachotolewa. Jumapili ijayo nirudi, kwa miguu kutoka Kariobangi, na jogoo mzima aliye hai, nikimshika kwa mikono yote miwili. Akaeleza sababu: mwenye jogoo mikononi hawezi kushika simu. Tukifika hapo, Nafula mwenyewe ataamua kama mlango unafunguliwa. Kisha akamgeukia Simiyu, akanyoosha kiganja, akachukua Tofali. Alisema waliopigana ni wawili, na yeye hajawahi kumchapa mtoto mmoja akamwacha mwenzake.

Ile wiki nililala vibaya. Sikuogopa kumkosa Nafula kwa firigisi. Niliogopa kumkosa kwa haki. Kioo niliifungia kwenye kabati la karakana, na siku ya pili nikagundua kwamba nilikuwa sijui namba ya Nafula kwa kichwa, wala sijui kama anapenda chai ya maziwa au ya rangi. Nilikuwa najua ukubwa wa kamera ya simu yangu kwa tarakimu.

Jumapili nikatoka na jogoo. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, lakini huyu aliikata kamba pale karibu na soko, na nilimkimbiza kati ya mafungu ya nyanya huku waumini wakitoka kanisani wakinishangilia. Simiyu akanipita na pikipiki, akapunguza mwendo, akanilalamikia kwamba Kukhu amekataa kabisa kumrudishia Tofali. Anasikilizia mahubiri ya redio, na amewaambia majirani kwamba simu nyingine zote ni mapambo. Akanitazama nilivyochanwa mikono. Akaniambia nipande nyuma, hakuna atakayejua. Nikakataa. Akazima pikipiki, akaisukuma kando yangu kwa miguu mpaka Huruma, na njia nzima hatukutaja simu. Tulizungumza juu ya baba yake, ambaye tangu astaafu alikuwa hana wa kuzungumza naye.

Nafula ndiye aliyefungua. Jogoo alikuwa amenichafulia shati, na nilikuwa nimeandaa maneno marefu ya kuomba radhi, nikayaacha yote.

Nikamuuliza, "Mkono umepona?"

Akauinua, akautazama, kisha akanitazama mimi. "Umechelewa wiki nzima," akasema. "Lakini umeuliza. Ingia, kabla huyo ndege hajakumaliza."

Mwanangu, leo wewe na wenzako mnatukanana kwa simu ambazo mimi hata majina siyajui. Nimekuona ukinuna kwa sababu binamu yako amenunua ile nyingine. Penda simu yako, sikukatazi. Fundi hupenda randa yake. Lakini chema chajiuza, hakihitaji kukodi ulimi wako. Aliyeiunda Kioo hakuwahi kujua jina langu, na siku ilipokufa hakutuma hata rambirambi. Uaminifu ni kitu kidogo, Mwanangu, haujazi debe. Ukiumwaga wote kwa kitu kisichokufahamu, utawafikia watu wako mkono mtupu. Mtu akikuletea maji ya kunawa, inua macho. Mtazame mikono. Uliza. Na usipouliza leo, uliza kesho hata kwa kuchelewa, maana aibu ya kuchelewa huisha, majuto ya kutouliza hujenga nyumba.

Na baraka sina yangu mwenyewe ya kukupa. Ninayo ile aliyotupa Kukhu asubuhi ya kumchukua Nafula, tulipokuwa tumesimama wote wawili juu ya ngazi na masanduku yake yameshatangulia. Alituwekea viganja vichwani, akasema: Mungu awape macho ya kuonana. Awape nyumba ambayo anayeumia huonekana kabla hajalia. Mzeeke pamoja, na mmoja akisahau, mwenzake akumbuke. Nami nakupa hivyo hivyo, haijapungua kwa kutumika. Nafula akamkumbatia baba yake kwa muda, akaanza kushuka ngazi bila kugeuka, na Mzee Wanyonyi akaufunga mlango nyuma yetu taratibu, kwa mikono miwili.