Nilimwondoa shabiki wetu kwenye kiti chake, kisha nikatumwa kumwomba picha

Wakuu, heshima kwenu popote mlipo. Niko London, leo ni off yangu, nimeamua kujianika mwenyewe. Chumvi sijaongeza. Ningeongeza, ningejipendelea.

Iko hivi. Nafanya kazi idara ya michezo ya chuo kimoja huku south London. Kazi yangu ni kuchangisha fedha na kuwatunza mashabiki. Cheo chenyewe kwa Kiingereza ni kirefu kuliko mkataba, maana bado niko probation.

Sasa hao mashabiki. Timu yetu ya netiboli ya wanawake ina shabiki mmoja wa kudumu. Wengine ni wazazi, na wazazi wanaangalia simu.

Huyo mmoja ni Mzee Jayanti, Mhindi wa Mwanza, ana duka la vitambaa Tooting. Hana mtoto wala mjukuu kwenye timu. Alianza kuja mkewe alipofariki, kwa sababu nyumbani kulikuwa kimya mno. Kila mechi anakaa mstari wa mbele na mfuko wa kachori za wachezaji.

Siku ya kwanza nilimsikia akimwambia refa, "Mama, huoni?" Nikamwendea, nikampa shikamoo. Tangu hapo mimi na yeye Kiingereza tukakiweka kando.

Kwenye system yetu ya wachangiaji jina lake halimo. Kachori hazina box la ku-tick.

Basi bosi wangu, Fiona, akapata mfadhili. Tajiri fulani aliyesoma pale zamani, kakubali kutuwekea sakafu mpya ya ukumbi. Fiona akaamua mstari wote wa mbele uwe wa wageni wa tajiri, ndiyo shukrani yetu. Mimi nikapewa heshima ya kuwajulisha mashabiki kwa upole.

Nikatuma email. Mzee Jayanti hasomi email, na nilikuwa najua.

Siku ya mechi akakuta karatasi ya "Reserved" kwenye kiti chake.

"Mwanangu, hii nini?"

"Ni utaratibu mpya, mzee. Nafasi zipo kule juu."

Kule juu ni kwa ngazi, na goti lake limefanyiwa operesheni. Hilo nalo nilikuwa najua. Nimesoma mpaka masters, wakuu, kwa hiyo najua mambo mengi.

Akasema, "Haya." Akawapa wachezaji kachori zao, akasimama mlangoni mpaka half-time, akaondoka.

Wageni wa tajiri hakuja hata mmoja. Viti vyetu vya shukrani vikaangalia mechi vyenyewe, na tukafungwa vizuri tu.

Mechi mbili zilizofuata mzee hakuonekana. Kapteni wetu, Temi, binti wa Kinaijeria wa Woolwich, akaniuliza Uncle yuko wapi. Nikamweleza utaratibu. Akageuka, akaenda kuendelea na mazoezi.

Wiki hiyo hiyo Fiona akaniita. Anataka brochure ya kumshukuru mfadhili, yenye picha ya shabiki mwaminifu. "Yule mzee wa Kihindi atafaa," akasema. "Mpige akiwa anatabasamu."

Nikaenda Tooting na kamera ya ofisi. Mzee alikuwa anapima kitambaa. Akanisikiliza mpaka mwisho, akakunja kitambaa, akakiweka.

"Mwanangu, mimi nimeshahamishwa kwenye nyumba yetu Mwanza, si kiti tu. Lakini waliotuhamisha hawakurudi kutuomba picha."

Sikuitoa kamera kwenye begi. Nilipanda basi na aibu yangu, na kwenye basi nikafanya kitu cha kwanza cha maana tangu niajiriwe: nikamwandikia mfadhili mwenyewe, nikamweleza yote.

Akajibu asubuhi. Viti hakuviomba. Netiboli haangalii. Alitaka wasichana waache kuumia magoti kwenye sakafu mbovu, basi.

Karatasi zikatolewa. Fiona akaandika kwenye newsletter kwamba idara imewasikiliza mashabiki wake. Mimi nikapata warning letter kwa kuwasiliana na mfadhili bila ruhusa, na probation ikaongezwa miezi mitatu.

Temi ndiye aliyemfuata mzee Tooting, akamleta amemshika mkono. Alikaa palepale. Wasichana walimpigia makofi kabla mechi haijaanza, nami nikapiga, nikijua sina haki ya kupiga.

Nikamsogelea. "Shikamoo, mzee."

Akaniangalia kwa adabu zote, akaonyesha kiti alichokalia, akasema, "Excuse me, is this seat free?"

Kila mechi ananiuliza hivyohivyo. Namjibu, "Yes, sir." Kiswahili hajanirudishia.

Nilichojifunza: mtu akikuheshimu kwa lugha ya kwenu, usimjibu kwa utaratibu wa ofisi.

Wenye ushauri wa namna ya kumwomba radhi mzee wa aina hii, leteni. Wa kunitukana nao wapite tu, nafasi za mbele zipo.