Mtaa Uliojaa Watu Ukutani

Juzi, katika nyumba ya wageni mjini Mbinga, nilikuta ukutani picha ninayoijua: mtaa wa Ulaya ya zamani, umechapwa kwa wino mweusi, magari ya farasi na watu wamebanana.

Picha kama hiyo ilikuwa sebuleni kwa mapadre, kule kwetu ziwani. Alasiri moja, nikiwa mtoto, niliachwa pale nisubiri, kwa kuwa mama alikuwa amelazwa zahanati, ng'ambo ya ua. Dirishani iliingia harufu ya usipa, dagaa wa ziwa letu, walioanikwa. Niliwatazama wale watu. Hakuna aliyecheka. Kwetu, kijiji kizima hakiachi majembe na nyavu kikafuata njia moja isipokuwa kuna msiba. Nikalitafuta jeneza, nisilione. Leo najua walikuwa wakienda kazini na madukani tu.

Sista muuguzi akaingia, akasimama mlangoni.

"Shikamoo, Sista. Nani amekufa?"

Akaziba mdomo kwa kiganja. "Nani amekwambia, mwanangu?"

Nikamwonyesha picha. Hakuitazama. Alipiga magoti akanikumbatia, mikono yake ikinuka dawa. Nje kengele ya kanisa ikaanza kulia polepole, nami nikachungulia juu ya bega lake, nione kama wale watu wameisikia.