Hadithi Aliyoiandika Mkwe

Mwalimu Muthama wa Nunguni hakuwa mtu mbaya, jamani. Asubuhi alifundisha watoto kusoma pale shule ya misheni, alasiri akapalilia mahindi yake, na akipata nafasi kidogo tu, kalamu mkononi. Miaka ile ya thelathini, leo nzige, kesho ukame, alikuwa akikusanya hadithi za koo ziandikwe kabla wazee hawajaondoka nazo. Kazi nzuri, nani abishe? Ila hadithi ikimnogea, alisahau ni ya nani.

Iliyomponza aliipata kwa mkewe, Kalunde. Siku moja akipepeta mtama, Kalunde alimsimulia kwamba katika njaa kuu, mwaka reli ilipopita, mama yake Mumbua alimwacha binti yake wa kwanza kwa watu wa ng'ambo ya mto Athi wampe nafaka, aje amkomboe mvua ikinyesha. Mvua ikanyesha, mama akarudi mbio. Boma tupu, watu wamehama, mtoto hakuonekana tena. "Hayo ni ya nyumbani," Kalunde alimwonya. Muthama akaitikia ndiyo, ndiyo, na kichwani tayari anapanga sentensi.

Aliandika vizuri mno! Ile safari ya kurudi akaikata, eti inapunguza makali, akamalizia mama akiondoka na nafaka kichwani bila kugeuka nyuma. Jina hakutaja. Jumapili akaisoma kanisani, watu wakalia, naye raha ikamjaa. Kisha akaona vichwa vinageukia upande wa wanawake. Lo! Nani Nunguni asiyejua ni mama gani alirudi bila mtoto mwaka ule? Mumbua aliinuka, akajifunika shuka usoni, akatoka.

Hakukanyaga kanisani tena. Kalunde naye akawa anampakulia chakula na kuondoka, mpaka jioni moja akasema, "Mama yangu alirudi. Wewe ndiwe ambaye hukumrudisha." Muthama akalirudisha tonge sahanini, akanawa mikono.

Ilimbidi aombe radhi, lakini vipi? Kwa Wakamba, mtu na mama mkwe wake hawatazamani. Wakikutana njiani, mmoja huingia kichakani, mwingine hujifunika uso. Heshima hiyo ndiyo nthoni, na wawili hawa walikuwa wameitunza miaka yote. Basi Muthama akaswaga mbuzi hadi kwa Mumbua pamoja na mkewe, akajibanza nyuma ya ghala, akamtuma Kalunde ndani. "Mwambie mama nimekosa sana. Nitaisoma upya, na mara hii nitasema alirudi."

Akangoja. Akasikia nyayo, akadhani ni mkewe. Kumbe ni Mumbua mwenyewe, amezunguka ghala, kasimama mbele yake uso wazi, shuka kaikunja mkononi. Muthama akageukia ukuta upesi.

"Mbuzi wako mrudishe," Mumbua alisema, wala hakupaza sauti. "Na geuka unitazame, mwanangu. Kanisa zima limeniona uchi kwa mdomo wako. Mimi na wewe tufichane nini tena?"