Mgonjwa wa Kitabuni Aliyeombewa Ruiri

Wakiniuliza kwa nini nampenda mwandishi yule kuliko wote, huwaambia: ni yeye peke yake ambaye hakumdanganya mama yangu.

Nilikuwa karani mjini Embu, nimepanga chumba mtaa wa Majimbo, mama alipougua. Uvimbe tumboni. Hospitali ikamrudisha nyumbani Ruiri afie kwake, ingawa hakuna aliyethubutu kumwambia hivyo. Nikaomba likizo, nikabeba nguo chache na riwaya moja ya mwandishi wangu. Mama hakujua kusoma. Kila alasiri nilimsomea, nikigeuza Kiswahili kuwa Kimeru, na hadithi ikamkolea. Mle kitabuni mlikuwa na mjane, naye mgonjwa. Hata kabla sijaketi, mama angeniuliza, "Leo amekunywa uji?"

Alhamisi moja wanawake wa kanisa walikuja kwa maombi. Wakauliza kama kuna mwenye haja. Mama akasema, "Tumwombee yule mjane. Naye anaumwa tumbo." Lo! Wote wakapiga magoti, wakamlilia Mungu kwa ajili ya mtu wa karatasi. Nilitaka kucheka. Kisha nikakumbuka kwamba kitabu kile nilishakisoma, na nilijua mjane anaishia wapi. Kicheko kikanikauka.

Na wanawake wale, Mungu awasamehe, kila wiki walimwambia mama, "Utapona, hata viazi utapanda." Viazi gani jamani? Macho yalishaingia ndani, mkono hauinui kikombe. Nilitamani kuwafukuza na chai yao.

Tulipoufikia ukurasa ule, nikafunga kitabu. Nikasingizia macho yamechoka.

"Amekufa?" mama akauliza.

Nikakigeuzageuza kitabu mapajani.

"Mwanangu, soma vile imeandikwa."

Nikasoma. Mwandishi hakupamba kitu. Mjane aliogopa, akalia, akauliza nani atamkamua ng'ombe wake, akafa mlango ukiwa wazi. Nilitafsiri huku machozi yakinitoka. Macho ya mama yalikuwa makavu.

"Tuliomba, na bado akafa," alisema. "Huyo aliyeandika alishawahi kukaa na mtu akifa. Hawa wengine wananiimbia tu." Halafu, kwa mara ya kwanza tangu augue, akasema, "Hata mimi naogopa."

Nikamshika. Tukalia pamoja mpaka tukachoka, kisha akaniambia nguo ya kumzikia, na kwamba ng'ombe ni wangu, nisimwache akae na maziwa.

Alhamisi iliyofuata wanawake wakamuulizia mjane.

"Alienda," mama akawajibu. "Sasa niombeeni mimi. Lakini msiombe nipone. Ombeni nisiogope."

Mmoja alianza kuimba, akaacha.

Mama alifariki Jumapili asubuhi, watu wakiwa kanisani, mlango nimeuacha wazi. Nilimfumba macho. Nikanawa mikono, nikachukua ndoo, nikaenda kumkamua ng'ombe.