Hatua Kumi na Mbili Ndani ya Maji

Saa tano na dakika arobaini asubuhi, kwa saa yangu ya mkononi isiyoingia maji, nilimfungua mke wangu vifungo vya jaketi okozi. Vilikuwa vitatu. Nilimvua, nikalikung'uta mchanga, nikaliweka juu ya langu kwenye meza ya mwenye vifaa. Mke wangu alisimama amekunja mikono kifuani, kama mtu aliyevuliwa koti kwenye baridi.

"Hayo yalikuwa ndani ya bei ya kayaki," mwenye vifaa alisema. Alikuwa mtu wa makamo kama mimi, mwenye kofia ya ukindu. "Saa yenu imekwisha. Mkitaka kuogelea nayo, ni elfu tano kila moja mpaka jioni."

"Hatuogelei nayo," nilimjibu. "Mtu hajifunzi kuelea akiwa amebebwa."

Nilikuwa nimelisoma hilo, na bado naamini ni kweli. Lakini haikuwa sababu yangu yote. Nilitaka abebwe na mikono yangu.

Kazi yangu ni ukarani wa mizani katika ghala la korosho mjini Mtwara. Shule niliishia darasa la saba. Mengine yote nimejifundisha mwenyewe: Kiingereza kwa kamusi, utunzaji wa vitabu vya hesabu, hata kurekebisha mizani ikianza kudanganya. Kuogelea nilijifunza kwa njia hiyo hiyo nikiwa na miaka arobaini na tisa. Nilinunua kitabu kikuukuu kwa muuza mitumba, nikatazama video kwenye simu, nikafungua daftari. Kwa miezi mitano, kila Jumapili asubuhi iliyokuta maji yamekupwa, nilikwenda Mikindani nikaingia mpaka kifuani na kuogelea sambamba na nchi kavu. Mwisho niliweza mapigo arobaini bila kupumzika. Mapigo hayo yote niliyaandika. Ambacho sikukiandika, kwa sababu hakikunijia kichwani kama jambo la kuandikwa, ni kwamba katika miezi hiyo mitano sikuwahi hata mara moja kuwa mahali ambapo miguu yangu haikufika chini.

Mke wangu amezaliwa Kitaya, kando ya Ruvuma. Huko maji huchotwa haraka, jicho moja likiwa kwenye ndoo na jingine mtoni, kwa sababu ya mamba. Miaka ishirini na miwili tuliyokaa Rahaleo, karibu na bahari, hakuwahi kuingia zaidi ya magoti. Nilipomwambia kwamba sasa najua kuogelea, alisimamisha cherehani yake, maana yeye ni fundi wa nguo, akauliza, "Unajua kiasi cha kunishika mimi?"

Nikasema najua.

Basi akajishonea vazi la kuogelea: suruali, gauni la kufika magotini, na kilemba kilichoungwa shingoni, vyote kwa kitambaa cheusi kisichonyonya maji. Ilimchukua wiki mbili. Kabla ya kuunga mikono aliloweka mmoja kwenye beseni, akautoa na kuupima kwa kuuning'iniza kidoleni aone utamlemea kiasi gani. Nilimtazama nikajivunia kuwa nimeoa mtu anayefikiri kama mimi.

Tulikwenda Msimbati kwa pikipiki yangu. Barabara ilipoingia kwenye mchanga alishuka akatembea, nami nikawa nasukuma. Hapo ndipo nilipompa maelekezo.

"Ukishikwa na hofu usinikamate shingo. Mtu anayezama humpanda aliye karibu naye, hata awe mama yake. Kamata mkono tu. Ukikamata shingo tutazama wote wawili."

"Mkono tu," alisema. "Shingo siigusi, Karani."

Huniita Karani ninapoongea kama ninayesoma.

Saa ya kayaki ilikuwa nzuri, nami sina budi kuisema, isije ikaonekana siku yote ilikuwa mbaya. Tulizunguka pale pale penye maji ya kiunoni, yeye akiwa mbele, makasia yetu yakigongana. Baadaye tulivaa miwani ya kuzamia na mirija. Aliinamisha uso majini akaona kiti cha pweza, chenye ncha tano kama nyota, chekundu, kimekaa mchangani. Alipiga kelele ndani ya mrija. Aliinuka akakohoa na kucheka, akainama tena. Alikitazama muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akitazama kitu ambacho si kitambaa.

Ndipo saa ikaisha, nami nikamvua jaketi.

"Basi shemeji asiende mbali," mwenye vifaa alisema. "Mchanga wa hapa haushuki taratibu, unakatika. Kutoka penye povu pale ni hatua kumi na tano, baada ya hapo hakuna chini."

Nilimshukuru. Tuliingia tumeshikana mikono, nami nikihesabu kwa sauti. Nilisimama kwenye hatua ya kumi na mbili, maji yakiwa kifuani kwangu, hatua tatu ndani ya mpaka. Nilimlaza chali juu ya maji, kiganja kimoja chini ya kisogo na kingine chini ya kiuno, kama kitabu kinavyoagiza. Mwanzoni alikuwa mgumu kama ubao. Nilimwambia avute pumzi, atazame juu, aache masikio yaingie maji. Akalegea kidogo kidogo.

"Umeniachia?"

"Bado."

"Usiniachie."

"Siachii."

Baada ya muda akasema, macho ameyafumba, "Haya. Toa."

Nilitoa mkono wa kiuno, kisha wa kisogo. Akaelea. Nilihesabu moja, mbili, tatu. Mkondo ulikuwa unampeleka taratibu upande wa kushoto, nami nikawa namfuata kando kando, hatua ndogo ndogo, bila kumgusa. Nilifika kumi na tisa. Kosa langu lilikuwa hapo. Nilizihesabu hatua zangu katika mstari mmoja, nikachukulia kwamba mchanga unakatika kwa umbali ule ule ufuo mzima, kama ukingo wa meza. Haikuwa hivyo. Nilipotaka kuhesabu ishirini, mguu wangu wa kulia haukukanyaga kitu.

Nilichofanya baada ya hapo ni hiki. Nilimkamata mke wangu shingo kwa mikono yote miwili. Alikuwa anaelea, salama, macho amefumba. Nilimvuta chini nikampanda. Niliweka goti kwenye kifua chake, kisha mguu kwenye bega lake, kichwa changu kikatoka nje ya maji, nikavuta hewa. Nilivuta mara tatu. Watu husema mtu akiwa katika hali ile hajui anachokifanya, na wanaolisema hulisema kwa wema. Mimi nilijua. Nilijua bega lile ni la nani, na nilisukuma.

Mapigo yangu arobaini sikuyakumbuka hata moja.

Mwenye vifaa alikuja na kayaki. Nilisikia sauti yake karibu na sikio langu, si ya ukali, "Mwachie, bosi. Shika hapa. Mwachie shemeji." Sikumwachia. Ilibidi anibandue vidole kwa nguvu na kunishikisha kamba ya kayaki. Mke wangu akaibuka upande wa pili, akakohoa, akapapasa, akaipata kamba mwenyewe pasipo kuelekezwa na mtu. Kutoka pale hadi mahali pa kusimama hazikuzidi hatua tano.

Nchi kavu alitapika maji ya chumvi, akakaa. Mshono wa bega la vazi lake ulikuwa umefumuka, na shingoni alikuwa na michubuko minne upande mmoja na mitatu upande mwingine. Nilipiga magoti mbele yake. Alilitazama bega, akapitisha kidole penye ule mshono.

"Hapa sikurudia mara mbili," alisema.

Mwenye vifaa alituletea chai ya tangawizi kwenye chupa. Nilipotaka kumlipa kwa kutuokoa alikataa. Nilipokwenda kuchukua viatu alinifuata, akazungumza akitazama kwingine.

"Mimi sitamwambia mtu."

Nadhani alikusudia kunisaidia. Mpaka wakati ule nilikuwa bado najiambia kwamba huenda hakuona vizuri.

Dada yangu mkubwa alikuwa nyumbani kwetu, amewakalia watoto. Tulifika saa kumi na moja jioni. Alikuwa anamimina chai, na kabla hatujakaa akaiona shingo.

"Wifi, hiyo shingo imefanywaje?"

Mke wangu alifungua mtandio, akautandaza gotini, akaukunja tena. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe. Dada alijaza cha kwanza, cha pili, cha tatu, akaweka birika chini.

"Ni mimi na woga wangu," mke wangu alisema. "Alinionya njia nzima nisimkamate shingo, na maji yalipozidi nikamkamata shingo. Hizo ni kucha zake, alikuwa ananibandua."

Dada alicheka mpaka akajishika ubavu. "Watu wa Kitaya na bahari wapi na wapi. Ungeniulia mdogo wangu. Wewe kaa na cherehani yako, haina kina."

"Haina kina," mke wangu aliitikia, naye akacheka.

Nilikunywa chai. Ilikuwa ya moto, ikaniunguza, nikaendelea kunywa.

Kesho yake asubuhi, watoto walipokwisha kwenda shule, nilimuuliza kwa nini alisema vile. Alikuwa anafumua bega la lile vazi kwa wembe.

"Nilikupa nafasi useme wewe," alisema. "Nilingoja vikombe vyote vitatu. Ungesema, ningenyamaza."

"Nitamwambia."

"Haya."

Sikumwambia. Dada yangu ni mtu wa utani na huutumia mpaka uchakae. Kuanzia siku ile wifi yake akawa "mkaba shingo". Akija kupimwa nguo atasema, "Pima kiuno tu, shingo niachie." Kwenye arusi ya jirani aliwasimulia akina mama meza nzima, akaonyesha kwa mikono jinsi mdogo wake alivyohangaika kumwokoa mke asiyeokoleka. Niliusikia mkasa ule mara nyingi kiasi kwamba siku moja nilijikuta naona picha yake kichwani, mimi nikiwa ndiye ninayembandua. Nilishtuka. Nilitoka nje nikasimama kibarazani hadi picha ilipoondoka.

Ilichukua miezi saba. Siku ya Idi tulikuwa mkekani nyumbani kwetu, dada, mke wangu, watoto wetu wawili na mimi, na dada akaanza tena. Kijana wetu mkubwa alimtazama mama yake, akacheka pamoja na shangazi yake. Kicheko kile ndicho kilichonifungua mdomo.

"Dada, si yeye. Ni mimi niliyemkaba. Niliteleza penye kina nikampanda ili nipumue. Angekufa."

Nilisubiri hukumu yangu, na nasema kweli kwamba niliisubiri kwa nafuu. Dada aliweka kijiko chini. Macho yake yalilainika.

"Mnaona?" aliwaambia watoto. "Ndiyo maana ya mume hiyo. Mwenzake anachekwa, yeye anajitwika."

"Dada, nakwambia ukweli."

"Nimekusikia, mdogo wangu. Basi, simtanii tena. Umenifunza adabu."

Kijana wangu aliniangalia kwa heshima ambayo sikuwahi kuiona usoni pake. Nilitaka kurudia, nieleze goti, bega, zile pumzi tatu. Lakini niliona kwamba kila nitakachoongeza kitahesabiwa upande wangu. Mke wangu alikusanya sahani akaondoka. Nilimfuata jikoni.

"Nimesema," nilimwambia.

"Nimesikia."

"Hawakuamini."

Alikuwa anazipanga sahani kwenye beseni, kubwa chini, ndogo juu. "Ungesema siku ile wangeamini," alisema. "Alama za kucha zilikuwa bado mbichi."

Hakusema kwa hasira. Alinipa kitambaa cha kufutia vyombo, nikafuta.

Vazi alilitengeneza. Bega amelirudia mara mbili, kisha mara ya tatu kwa mkono. Siku hizi huenda Mikindani na mwanamke mwenzake anayejua kuogelea, analala chali juu ya maji yasiyozidi kiuno, na huniambia aliweza kukaa muda gani. Mimi hunipa saa na mtandio wake, nikae navyo nchi kavu.

Daftari langu la mazoezi bado lipo. Ukurasa wa siku ile una mstari mmoja tu. Niliuandika mezani kwa mwenye vifaa, mke wangu akiwa amesimama kando yangu amekunja mikono, kabla hatujaingia majini. Majaketi mawili, hayakukodiwa: akiba, shilingi elfu kumi.