Siku ya Yowe Butiama

Binti wa shemeji yangu alikuja kwetu Nyakato, Musoma, akiwa na miaka kumi na saba. Baba yake, kaka wa mume wangu, alihamia Kongo kwa biashara ya dagaa, akaoa huko na kuzaa huko. Vita vilipofika mjini kwao, yeye na mkewe waliuawa. Kuhusu mdogo wa binti huyo, tuliambiwa tu kwamba alifia njiani. Binti akapita mikono mingi hadi Kigoma, mume wangu akamfuata.

Hakuwa msumbufu, na hicho ndicho kilichotudanganya. Alifagia, aliosha vyombo, alifanya hata kazi asizotumwa. Ila hakukaa penye mlango nyuma yake, na mwanangu mdogo akilia alitoka nje mpaka kilio kiishe. Jirani alisema anaringa.

Mwezi wa kumi na mbili tulikwenda Butiama kwa mama mkwe. Mchana mmoja tukiwa tunamenya mihogo, yowe likapigwa ng'ambo ya kilima. Ng'ombe wameibwa. Wanaume wakatoka mbio na mapanga na pinde, mume wangu akiwamo. Sisi tuliozaliwa huku yowe tunalijua. Unaingiza watoto ndani, unangoja. Nilipogeuka kumchukua mwanangu, hakuwepo. Binti naye hakuwepo.

Mama mkwe ndiye aliyewaona, katikati ya shamba la mihogo. Binti alikuwa amemlalia mtoto, kiganja kimemziba mdomo na pua. Nilikibandua kidole kwa kidole. Midomo ya mwanangu ilikuwa imebadilika rangi. Akakohoa, kisha akalia, na binti akaninong'oneza kwa Kiswahili cha kwao Kongo, macho yakiwa mbali kabisa, "Mama mudogo, mufunge kinywa. Batatusikia."

Jioni ile nilimwambia mume wangu simtaki nyumbani kwangu.

"Aende wapi?" akauliza.

Mama mkwe alisema binti huyu ana kitu, apelekwe akaombewe. Tukampeleka kwa padre. Padre alimwombea vizuri, bila haraka, halafu akatugeukia. "Sasa mpelekeni hospitali. Kuomba tutaendelea kuomba."

Pale Musoma alipokelewa na muuguzi wa afya ya akili, mama wa makamo. Mimi nilitegemea vidonge. Yeye alimuuliza anavyolala, anavyokula, na hofu ikija inaanzia wapi mwilini. Alimfundisha kukanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili, kutoa pumzi taratibu, na kutaja anavyoviona: dirisha, ndoo, kalenda ukutani. Wiki baada ya wiki ni hivyo hivyo. Siku moja nilichoka, nikamuuliza matibabu yenyewe yanaanza lini.

"Mama, mwili wake bado uko kule," akanijibu. "Kwanza tuurudishe hapa. Mengine atasema mwenyewe akiwa tayari."

Ilichukua miezi. Siku aliyokuwa tayari, aliomba nikae naye. Alisimulia akitazama sakafu. Walijificha migombani, yeye na mdogo wake. Wenye bunduki wakapita karibu. Mtoto akaanza kulia, akamziba mdomo. Walipokwisha kupita, mtoto alikuwa kimya.

"Nilifikiri analala," alisema.

Nilijishika mdomo. Muuguzi hakukimbilia kumbembeleza. Alimuuliza, "Kama ungemwacha alie?"

"Bangetuua siye bote."

"Nani walikuja na bunduki?"

"Bale."

"Siyo wewe."

Binti alilia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu aje kwetu, na muuguzi akaniashiria nisimnyamazishe.

Sasa anasoma ushonaji Bunda, analala bweni. Kuna miezi anayoishi kama wasichana wengine, anacheka, ananikosoa ninavyokata kitambaa. Kuna wiki yote yanarudi, tunaanza tena na kukanyaga sakafu. Mama mkwe bado anasema ni maombi yaliyomponya. Mimi sijawahi kumwachia mwanangu wakiwa peke yao. Anajua, wala hajaniuliza.

Mwaka jana aliomba mdogo wake asomewe misa, kwa kuwa hana kaburi. Tulikwenda Nyegina. Padre alilitamka jina la mtoto yule, ambalo binti hakuwahi kututajia hata mara moja. Mama mkwe akashtuka, kwa kuwa lilikuwa jina la marehemu mumewe. Kumbe shemeji alimwita mwanaye jina la baba yao na hakuna aliyetuambia. Bibi akamvuta binti, akamkalisha karibu naye hadi misa ikaisha.

Nilidhani baada ya siku ile atapumzika. Wiki iliyofuata alinipigia simu kutoka Bunda.

"Mama mdogo, silalagi tena."

"Tangu lini?"

"Tangu misa."

Nikamwambia aombe ruhusa, aje Ijumaa, twende wote kliniki.