Pori Limefungwa, Majani Yamefika Kifuani

Umande haujakauka, na Mektrida Mlay amesimama kwenye mpaka wa pori la ukoo, mundu mkononi. "Hebu sogea uone mwenyewe, maana mimi nikisema naambiwa nina mdomo!"

Mpaka wenyewe ni mstari wa masale, mmea ambao Wachagga hutumia kugawa mashamba. Ng'ambo yake, chini ya miringaringa na migunga, majani yamefika kifuani. Ni Julai, yameanza kukauka. Upande wa huku ni migomba ya Mektrida na nyumba yake ya mbao.

Mjane huyu wa Mwika, mwenye miaka 58, ni mchungaji. Mifugo mingi si yake. Majirani humwekesha, naye hupata maziwa, mbolea na mara mojamoja ndama. Kwa zaidi ya miaka ishirini aliilisha porini humo, mbuzi wakitafuna vichaka, ng'ombe wakipunguza majani. Moto ulikosa cha kushika.

"Mwaka jana mrina asali aliacha mwenge unafuka kwenye pori la jirani, ambako mifugo ilishakatazwa. Yesu na Maria, liliwaka! Moto ukaja mbio, ukafika tunapochunga sisi, ukafa wenyewe. Watu waliona. Wote!"

Ungedhani somo limeeleweka. Wapi!

Krismasi, ukoo ulipokusanyika, mwenyekiti Eliakim Mlay, ambaye ni shemeji yake, alipendekeza mbuzi wapunguzwe porini. Mektrida akasimama mbele ya wakwe wa Eliakim na wageni kutoka Dar, akamwambia kichwa chake ni kikavu kuliko majani ya Septemba. Watu walicheka. Eliakim hakucheka, na pori likafungwa kwa mifugo yote.

Akikutwa kwenye shamba lake la kahawa, Eliakim hafichi kitu. "Mbuzi walikula miche yangu ya mringaringa, hilo ni kweli. Lakini tungeelewana. Kunitukana mbele ya wakwe zangu? Hapana. Aje aombe radhi."

Na moto ukija?

"Tutauzima," anajibu, akiendelea kupalilia. Kwa maji yapi? Jamani, watu wazima hawa!

Siku hizi Mektrida hukata majani kwa mundu na kuyabeba kichwani. Ng'ombe wawili amewarudisha kwa wenyewe kwa sababu hawakushiba. "Mgongo unauma, na majani hata hayapungui. Nikisikia harufu ya moshi natoka mbio, kumbe jirani anapika. Nimechoka."

Dawa ipo, na wote wawili wanaijua. Kwa mila yao, ukiletewa jani la isale, mmea uleule wa mpakani, lililofungwa fundo, huwezi kukataa kusamehe.

"Miezi saba nimegoma," anasema Mektrida. "Niombe radhi kwa kusema kweli?" Anakata jani kwenye mpaka uleule na kulifunga kwa hasira. Linachanika. Anasonya, anakata lingine.

"Jumapili tukitoka misani nampelekea. Jumatatu mbuzi wanaingia, na miche yake nitaizungushia miiba mimi mwenyewe. Mvua zikinyesha, nyumba yangu ikiwa imesimama, nitamwambia tena kichwa chake ni kikavu."

Analikaza fundo taratibu safari hii.

"Ila nitamwambia tukiwa wawili tu."